Kiti cha L. Niyonkuru

Mume na mke waliozaliwa siku moja, mwezi mmoja na mwaka mmoja, kwa kalamu moja ya karani mmoja, wakibakiziwa kiti kimoja katika ndege, ni yupi kati yao mwenye haki ya kukikalia? Asubuhi ya tarehe thelathini na moja Desemba, mwaka 2015, swali hilo lilitua mezani katika hoteli moja ya mjini Kathmandu, kati ya sahani ya mayai yaliyopoa na kibakuli cha jamu. Msimulizi wa kisa hiki, kwa wakati huu, hana jibu.

Mayai yalikuwa yamepoa kwa sababu gesi ilikuwa imeadimika nchini kwa miezi kadhaa. Mpishi alikuwa akipika kwa kuni uani, kisha chakula kikapanda ngazi za ghorofa nne mikononi mwa wahudumu, kwa kuwa lifti ilifuata ratiba ya mgawo wa umeme. Watalii kumi na wanne wa kanisa moja la Columbus, katika jimbo la Ohio, walikuwa wameambiwa waipokee hali hiyo kama sehemu ya utamaduni, nao waliipiga picha. Liberati Niyonkuru hakuipiga picha. Alikuwa amepikia kuni katika kambi za wakimbizi nchini Tanzania tangu alipokuwa na miaka minane hadi alipochukuliwa kwenda Marekani akiwa na arobaini na mitatu, na hakuona ni kwa nini avuke bahari mbili ili aushangae moshi.

Aliyeleta swali alikuwa Tikaram, mwenyeji aliyewatembeza watalii hao, mtu wa makamo mwenye koti la ngozi na uso wa mwalimu aliyezoea kusahihisha makosa ya wengine. Aliinama kando ya kiti cha Liberati, akamwita kwa lile neno lao la dada mkubwa.

"Didi, kuna tatizo dogo."

Liberati aliweka uma chini. Kambini, maafisa walipotangaza kuwa kuna tatizo dogo, mahindi hayakuja.

"Liseme tu, kaka."

"Kompyuta ya shirika la ndege imeona abiria wawili. L. Niyonkuru, aliyezaliwa tarehe moja Januari 1960. Na L. Niyonkuru, aliyezaliwa tarehe moja Januari 1960. Ndege moja, safari moja. Imedhani ni mtu mmoja aliyekata tiketi mara mbili kwa kusahau. Imemhurumia. Imemfutia moja."

Leopoldi, mumewe, aliacha kutafuna. "Imemfutia nani?"

"Hapo ndipo penye tatizo, bwana," alisema Tikaram. "Yenyewe haijui."

Lazima isemwe, ili asomaye asidhani kwamba watu hawa walikuwa na fedha za kuchezea, kwamba safari hiyo hawakuinunua. Katika gulio la mavuno kanisani, Leopoldi alimkuta mzee mmoja wa Kimarekani ameshika kopo lenye tundu, akatia dola kumi akiamini anachangia paa. Kumbe ilikuwa bahati nasibu. Wiki mbili baadaye alipigiwa simu, akaambiwa ameshinda safari ya watu wawili kwenda kuona milima ya Himalaya. Liberati alitaka kuiuza zawadi hiyo wapate kodi ya miezi mitatu ya nyumba yao pale Whitehall, kitongoji cha Columbus. Watu wa kanisa wakamwambia kwa upole kwamba furaha haiuzwi. Kwa hiyo walikwenda, na kwa siku tisa walionyeshwa vumbi na ukungu, na kila asubuhi Tikaram aliunyoshea ukungu kidole akasema kwamba nyuma yake kuna milima.

Ndege ya kurudi ilikuwa Jumamosi usiku, tarehe mbili. Jumatatu tarehe nne, saa mbili na nusu asubuhi, Liberati alitakiwa kuketi mbele ya afisa wa uraia mjini Columbus kwa mara ya pili. Mara ya kwanza, mwezi wa Oktoba, aliambiwa aandike sentensi moja fupi ya Kiingereza, mkono ukagoma juu ya karatasi kama punda juu ya daraja. Nafasi ilikuwa ni hiyo ya pili tu. Barua ya wito ilisema kwamba asiyefika huhesabiwa ameshindwa, faili hufungwa, na mwenye faili huanza upya na ada ya karibu dola mia saba.

Leopoldi alikuwa ameshaapishwa, alikuwa na pasi ya bluu. Lakini yeye alikuwa na kazi ya ghala. Katika ghala lile la viatu, kuchelewa ni nusu pointi, kukosa zamu ni pointi nzima, na mwenye pointi sita huonyeshwa mlango. Leopoldi alikuwa na tano. Likizo yake ilikuwa ikiisha, zamu ikimsubiri Jumatatu hiyohiyo, na kodi ya nyumba ilitoka mfukoni mwake.

* * *

Ofisi ya shirika la ndege ilikuwa gizani. Karani, msichana aliyevaa glavu zisizo na vidole, aliwatazama kwa mwanga wa kompyuta iliyokuwa ikila betri yake ya mwisho.

"Wewe ndiye L. Niyonkuru?"

"Ndiyo," alijibu Leopoldi.

"Na wewe?"

"Na mimi," alijibu Liberati.

Karani akaandika kitu, akakifuta. "Mfumo unakubali mmoja."

"Lakini mimi ni mwanamume!" Leopoldi alijipiga kifua kwa viganja viwili, kama shahidi mahakamani.

"Naona, bwana. Lakini wakala aliyewakatia tiketi aliiacha sehemu hiyo wazi. Na majina ya kwanza aliyafupisha." Alisita, akauliza kwa sauti ya chini, "Nyinyi ni mapacha?"

"Mume na mke," alisema Liberati.

Karani aliutuliza uso wake kwa juhudi, kama mtu aliyefunzwa kuheshimu mila za wageni wote. "Sawa kabisa," alisema. "Kila nchi na desturi zake."

Tikaram alikohoa. Ilichukua dakika kumi kueleza kwamba wale watu hawakuzaliwa tumbo moja, kwamba wakimbizi wengi walizaliwa tarehe moja Januari kwa sababu hiyo ndiyo tarehe ambayo makarani wa kambi waliikumbuka haraka, na kwamba jina la pamoja walipewa wakati wa safari ya kwenda Marekani, kwa kuwa mkubwa mmoja alisema Wamarekani huwapenda mume na mke wenye jina moja. Karani alisikiliza kwa huruma ya kweli, kisha akasema kwamba wakala wa Ohio amefunga ofisi mpaka sikukuu zipite, kwamba ndege nyingine yenye nafasi ni ya tarehe tisa, na kwamba kiti kilichobaki ni cha L. Niyonkuru yeyote.

"Yeyote?"

"Yeyote atakayefika na kitabu chake cha safari katika dirisha letu la uwanja wa ndege, Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Nitaandika jina lake kamili. Baada ya saa sita, kiti kinarudi sokoni."

Walitoka. Barabarani, mitungi mitupu ya gesi ilikuwa imepangwa mstari mrefu uliokata kona mbili, imefungwa minyororo, bila mtu hata mmoja. Wenyewe walikuwa wamekwenda nyumbani, mitungi ikawasimamia. Liberati aliitazama foleni ile kwa heshima. Ilikuwa kazi safi.

"Baba Gasore," alisema, "mwaka wangu wa sitini aliuandika nani?"

Leopoldi alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. "Karani."

"Karani aliupata wapi?"

"Aliuliza, tarehe ya mke? Nyuma yangu palikuwa na watu mia mbili, na jua lile unalijua. Nikamwambia, andika kama yangu."

"Kama yako."

"Wewe ungesema nini? Hata wewe huijui."

"Ningesema nilizaliwa wakati wa kung'oa maharage, miaka miwili baada ya Warundi kupata uhuru. Hesabu angepiga yeye, si ndiyo kazi yake?" Alipiga hatua chache. "Umenizeesha miaka minne kwa sababu ya jua."

"Hukuwepo! Ulikuwa kwenye foleni ya mafuta ya kula."

"Mafuta ambayo wewe hukuyala?"

Tikaram, ambaye hakuelewa neno lolote la Kiswahili, alitembea hatua tatu nyuma yao. Alikuwa na miaka ishirini ya ndoa. Mambo mengine hayakuhitaji mkalimani.

* * *

Mtandao wa hoteli uliamka pamoja na umeme, saa moja jioni. Huko Marekani ilikuwa asubuhi ya siku hiyohiyo, ikiwa imepungua saa kumi na dakika arobaini na tano; zile dakika arobaini na tano Leopoldi hakuzikubali hata siku moja, aliziona ni ujeuri.

Wa kwanza kupatikana alikuwa Gasore, kifungua mimba wao, aliyekuwa akikoroga uji katika nyumba ya mbao ya West Side, mjini Buffalo, baada ya zamu ya usiku kiwandani.

"Aje Baba," alisema bila kusita. "Mama, nisamehe, lakini tufikirie kwa kichwa. Mtihani utalipiwa tena. Kazi ikipotea, kodi italipwa na nani? Mimi huku hita imekufa, nalala na kofia."

"Dola mia saba utanipa wewe?"

"Kidogo kidogo, Mama."

"Kidogo kidogo ndiyo iliyonifikisha miaka minane bila uraia, mwanangu. Kwanza zilitoka pesa za uraia wa baba yako. Kisha zilitoka za gari. Kisha wewe ulioa."

Gasore alikoroga uji kwa nguvu, ukasikika mpaka Kathmandu.

Wa pili alikuwa Irakoze, binti yao aliyekuwa akisoma chuoni Louisville na kuhudumu katika makao ya wazee mwisho wa wiki. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapandisha Kiingereza, kama alivyofanya kila alipokasirika, na mama yake alimwacha amalize kwanza.

"Sasa kwa lugha ya nyumbani," alisema Liberati.

"Ninasema hivi: Baba ana pasi ya Marekani. Akikaa huko wiki moja, ni mtalii aliyekawia. Wewe una kile kijitabu cha mkimbizi. Mapokezi hapo waliuliza nini ulipofika?"

"Waliuliza ni cha nchi gani."

"Ukajibu?"

"Nikawaambia ni cha nchi ya watu wasio na nchi. Wakanipa chumba."

"Mama, acha mzaha! Nimekusikiliza maswali yale mia moja ya uraia, nikakusomea sentensi uziandike, kwa simu tangu Oktoba, usiku hadi usiku. Ikibidi nikubandike kwenye kiti hicho kwa gundi, nitafanya hivyo."

Leopoldi, aliyeona kura zimefungana moja kwa moja, alimpigia mzee Aloisi, kiongozi wa jumuiya ya Warundi pale Columbus, ambaye alisuluhisha ndoa za watu wote wa mtaa wa Morse Road na kuzungumza polepole kana kwamba kila neno linatolewa ghalani kwa kibali. Mzee Aloisi alikaa kimya kwa muda mrefu hata wakadhani umeme umekatika.

"Maandiko," alisema hatimaye, "yanasema hao wawili watakuwa mwili mmoja. Kwa hiyo kompyuta hiyo haikukosea."

"Ndiyo, mzee," alisema Leopoldi. "Lakini aende nani?"

"Mwili hauendi bila kichwa. Na kichwa, Leopoldi, unakijua."

"Nakijua, mzee."

"Lakini kichwa nacho hakiendi bila miguu. Basi msiondoke hata mmoja." Na umeme ukakatika kweli.

* * *

Siku ya mwaka mpya walipelekwa kwenye kuba kubwa jeupe lenye macho yaliyochorwa pande zote nne. Mahujaji walilizunguka, kila mmoja akiyasukuma kwa mkono magurudumu ya shaba yenye sala ndani yake. Bi. Marlene, mwalimu mstaafu aliyekuwa mkuu wa msafara, aliwaeleza wenzake kwamba kila mzunguko ni sala moja. Kisha alimwona mtalii wa Kijerumani akimtazama Liberati, naye akamshika Liberati bega kwa mapenzi. "Hawa ni wakimbizi wetu," alimwambia Mjerumani. "Waliletwa na kanisa letu." Mjerumani alimpongeza Bi. Marlene.

Liberati alijiondoa taratibu, akaingia katika mkondo wa mahujaji. Aliweka kiganja juu ya gurudumu la kwanza.

"Maseneta ni wangapi? Mia moja."

Gurudumu la pili. "Seneta huchaguliwa kwa miaka mingapi? Sita."

Gurudumu la tatu. "Katiba imefanyiwa marekebisho mangapi? Ishirini na saba."

Aliyasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, bila kuruka. Bibi mmoja wa Kitibeti mwenye nywele za kusuka alimwona jinsi alivyozama, akadhani amemkuta mcha Mungu wa daraja la juu, akamfuata nyuma akiitikia mwisho wa kila jibu kwa mguno wa unyenyekevu. Walipofika kwenye majaji wa mahakama kuu, ambao walikuwa tisa, walikuwa wameshapata wafuasi wengine wanne. Liberati hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka atacheka, na akicheka atasahau ni nani hutangaza vita.

Alipokamilisha swali la mia moja, alisimama. Hakukosea hata moja. Jambo hilo lilimwogopesha kuliko kama angekosea kumi, kwa maana mwenye kukosea kumi anaweza kusema moyoni kwamba hata angefika, asingeshinda.

Jioni, hoteli ilileta keki. Orodha ya Bi. Marlene ilionyesha siku za kuzaliwa, naye hakuwa mtu wa kuziacha zipite. Keki ilikuwa moja, imeandikwa jina moja, kwa kuwa mwokaji alifuata orodha. Waliwasimamisha wawili wale mbele ya mshumaa mmoja, wakawaimbia.

"Pulizeni pamoja!"

Wakapuliza pamoja. Leopoldi alifurahi kweli; alipenda keki. Liberati alipiga makofi pamoja na wengine, akisherehekea siku ambayo hakuzaliwa.

Baada ya keki, Bi. Marlene aliwaketisha watu wote kwa duara ili kila mtu aeleze safari imemfunza nini. Ikasemwa shukrani, ikasemwa subira, bibi mmoja akasema maji ya moto. Zamu ilipomfikia Liberati, alisimama.

"Safari imenifunza kwamba tuna kiti kimoja," alisema. "Nina mtihani Jumatatu. Mume wangu ana kazi Jumatatu. Kama kuna mtu anayeweza kubaki hapa wiki moja na kutuachia kiti chake, tutashukuru sana."

Kisha watu wema wale, waliokuwa wamelia siku ya kwanza walipowaona mbwa wasio na wenyewe mitaani, walianza kueleza. Mmoja alikuwa amemwacha paka kwa jirani asiyeaminika. Mwingine alikuwa na miadi ya daktari wa meno aliyoisubiri tangu Agosti. Wa tatu alikuwa na mjukuu anayecheza mpira wa kikapu Jumanne, na mjukuu huyo hucheza vibaya bibi yake asipokuwepo. Kila sababu ilisemwa kwa machozi, na kila msemaji alimkumbatia Liberati alipomaliza, hata akajikuta akiwabembeleza yeye.

"Kanisa halitawaacha," alisema Bi. Marlene. "Kamati itakutana tarehe kumi na mbili."

"Tutakuwa tumesharudi, mama."

"Basi watalipitia kwa utulivu zaidi." Akafikiri, uso ukang'aa. "Kwa nini tusipige kura? Mlikuja kwa bahati nasibu, mrudi kwa bahati nasibu! Kesho saa nne, hapahapa. Nitaandika majina, tutayatia katika kofia yangu."

Leopoldi alikubali mara moja. Katika maisha yake alikuwa amecheza bahati nasibu mara moja tu, tena bila kujua, na alishinda. Hakuona sababu ya kuogopa kucheza akijua. Liberati hakusema kitu. Watu walichukulia kwamba amekubali, maana ndivyo ukimya wake ulivyochukuliwa siku zote.

Usiku, usingizi ulipomkataa, alimsikia mumewe akizungumza gizani.

"Umelala?"

"Bado."

"Unafikiri sitaki upite mtihani?"

"Sifikiri hivyo."

"Nina miaka hamsini na sita, mama Gasore. Au zaidi, mimi pia sina uhakika. Ghala lile lilinichukua kwa sababu yule msimamizi wa zamani alinipenda. Huyu wa sasa ni mtoto, ananiita kwa namba. Nikitoka pale, nani ataniajiri kubeba viatu?"

Liberati alinyosha mkono, akaupata mkono wake chini ya mablanketi matatu. Ulikuwa wa baridi. Alichoona kigumu katika neno lile ni kwamba lilikuwa la kweli.

* * *

Jumamosi saa tatu na nusu, Tikaram alifika na habari. Petroli nayo ilikuwa adimu kama gesi, na aliyoipata ilitosha pikipiki yake kwenda uwanja wa ndege na kurudi mara moja, na pikipiki ile ilibeba abiria mmoja.

"Yule atakayebaki atakaa kwangu," alimwambia Liberati kwa sauti ya chini. "Mke wangu ameshaandaa kitanda. Tunapikia kuni, lakini mnajua."

"Tunajua," alisema Liberati. "Tutakulipa nini, kaka?"

Tikaram alikunja uso kama aliyetukanwa. "Didi, nyumba yangu ilianguka mwezi wa Aprili, dunia ilipotikisika. Miezi mitatu nimelala chini ya turubai la mtu mwingine. Unataka nikutoze?"

Saa nne kamili, watalii walikusanyika. Bi. Marlene alitoa kofia ya sufu yenye masikio mawili, akaonyesha ndani yake pande zote kama mwanamazingaombwe, kisha akatumbukiza karatasi mbili zilizokunjwa. Alisali kwa ufupi. Yule bwana mwenye paka alichaguliwa kuchota kwa kuwa hakuwa na upande. Alifumba macho, akachota, akakunjua, akasoma kwa sauti ya kutangaza mfalme.

"L. Niyonkuru!"

Makofi yakapasuka. Leopoldi alirusha mikono juu. Mtu alipiga picha. Mwenye mjukuu alimkumbatia Liberati, akimpongeza. Mwenye meno alimkumbatia Liberati pia, akimpa pole. Ilichukua muda kabla ya makofi kuanza kupungua, mtu mmoja baada ya mwingine, kama mvua inayohama kutoka paa hadi paa.

"L. yupi?" aliuliza yule bwana.

Bi. Marlene aliichukua karatasi ya pili kofiani, akaikunjua. Nayo ilisema L. Niyonkuru.

"Niliandika kama yalivyo kwenye orodha," alisema, mashavu yamemwiva. "Sikutaka kupendelea."

Hapo wote wakasema kwa pamoja. Kuna aliyetaka karatasi zipakwe rangi. Kuna aliyetaka irushwe sarafu, lakini hakuna aliyekuwa na sarafu, nchi ile ikitumia noti. Bi. Marlene alitafuta kalamu katika mkoba wake, akatoa miwani, dawa ya koo, miwani nyingine. Saa ya ukutani ilisema nne na dakika kumi na mbili, na Liberati alipoitazama, aliona kwamba watu wote waliokuwamo mle, pamoja na mumewe, walikuwa wakisubiri waambiwe yeye ni nani, na kwamba walikuwa tayari kumsubiri karani, kompyuta, mzee au kofia. Kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe.

Alimwendea Leopoldi. Mfuko wa nyaraka zote za nyumba ulikuwa kiunoni mwake, ulipokuwa siku zote.

"Nipe kitabu changu, baba Gasore."

"Subiri kwanza, wanaandika upya."

"Nipe kitabu changu."

Leopoldi alimtazama usoni. Labda aliona kitu, labda alichoka tu. Alifungua zipu, akatafuta katikati ya pasi yake, vyeti vya ndoa na stakabadhi za kodi ya nyumba, akautoa mkono polepole na kijitabu ndani yake. Liberati alikichukua. Kisha akawageukia watalii, akaanza kusema Kiingereza chake cha sentensi fupi, kila moja ikisimama kwa miguu yake.

"Msiandike tena. Naitwa Liberati. Nitaondoka leo. Mume wangu atakaa kwa Tikaram mpaka tarehe tisa. Jumatatu nitafanya mtihani wangu. Asanteni kwa keki."

Bi. Marlene alibaki na kalamu mkononi, alikuwa ameipata.

"Na kazi yangu?" aliuliza Leopoldi kwa Kiswahili, taratibu, bila ugomvi, kama mtu anayeuliza njia.

"Kazi yako itapotea. Sikufichi. Nitaomba zamu ya pili kule ninakoosha wagonjwa, na Gasore atachangia, nitamwambia mwenyewe. Ukirudi tutatafuta kazi nyingine pamoja. Nimelifikiria usiku kucha, wala sikuulizi kama ni sawa. Nakuarifu."

Leopoldi alifunga zipu ya mfuko. "Vaa skafu yangu," alisema. "Kwenye pikipiki kuna upepo."

Liberati aliivaa, akamgeukia Tikaram aliyekuwa mlangoni na funguo mkononi.

"Twende, kaka," alisema. "Abiria ni mimi."